Taifa Lisilo na Daftari: Nani Aliziua Blogu Zetu?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kazi ambayo niliidhani nyepesi. Niliwataka wakusanye hoja za wananchi wa kawaida, si za wabunge wala za wahariri wa magazeti, kuhusu suala la serikali mbili au serikali tatu. Kipindi nilichowapa ni kile cha mwaka 2013, Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilipotoa rasimu zake, hadi mwaka 2014, Bunge Maalumu lilipokutana Dodoma. Naikumbuka vizuri miaka ile. Watu waliandika. Mwalimu wa sekondari aliandika, mhandisi aliandika, Mzanzibari aliyekuwa akisoma ng'ambo aliandika, na karani wa halmashauri aliandika kwa jina la bandia. Walijibizana kwa makala ndefu, kila mmoja kwenye blogu yake, na kila jibu likiwa na kiungo cha kumrudisha msomaji kwenye hoja iliyokuwa ikijibiwa.

Baada ya wiki mbili wanafunzi walirudi karibu mikono mitupu. Hawakuwa wavivu, niliwahoji mmoja mmoja na kuona jinsi walivyohangaika. Walikuwa wamepata rasimu zenyewe, hotuba za viongozi, habari za magazeti, na orodha ndefu ya viungo vilivyokufa. Anwani zipo, lakini ukizibonyeza unakutana na ukurasa mtupu, au na tangazo la kamari, kwa sababu jina la tovuti lilipokosa kulipiwa lilichukuliwa na mtu mwingine. Binti mmoja aliniuliza, bila kejeli yoyote: "Mwalimu, una hakika kweli watu walijadili?"

Swali hilo limeninyima raha tangu siku ile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaasa wafanyabiashara, lakini methali hiyo inatuhusu sisi zaidi. Mjadala wa Katiba ulikuwa mali ya umma. Umepotea, na kizazi kilichofuata hakina hata habari kwamba ulikuwepo.

Hoja yangu leo ni hii. Kufa kwa blogu si habari ya mtindo mmoja kupitwa na mwingine, kama vile kanda za kaseti zilivyopitwa. Hatukupoteza sauti; sauti tunazo tele, na kelele pia. Tumepoteza mahali ambapo hoja ya mtu hukaa pamoja na jina lake, tarehe yake na majibu aliyopewa, ili kesho tuweze kumrudia na kumwuliza. Taifa lisilo na mahali hapo haliwezi kumwajibisha mtu yeyote kwa alichosema jana. Na watuhumiwa wa kifo hiki ni watatu: dola, makampuni ya mitandao, na sisi wasomi wenyewe. Nitawashughulikia kwa zamu, na huyo wa tatu nitamkalia kwa muda mrefu zaidi, maana ndiye anayependa sana kuwanyooshea wengine kidole.

Kwa wale waliokuwa shule ya msingi wakati huo, naomba nirudi nyuma kidogo. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha blogu ya Jikomboe, na wengi wanamtambua kuwa ndiye mwanablogu wa kwanza wa Kiswahili. Mwaka uliofuata mpigapicha Issa Michuzi alifungua yake, ikawa dirisha la Watanzania wengi walio nje kuchungulia nyumbani. Baada yao walikuja mamia. Walikuwepo wa siasa, wa ushairi, wa kilimo, wa dini, wa mapishi, na wa umbea pia. Hakuna aliyehitaji mhariri wa kumpitisha wala mfadhili wa kumpa karatasi. Alihitaji kompyuta ya kukodi kwenye kibanda cha intaneti, saa moja, na kitu cha kusema.

Kwa jirani zetu Kenya, blogu zilipimwa katika jaribu zito zaidi. Ghasia zilipolipuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, mwanasheria Ory Okolloh aligeuza blogu yake kuwa mahali pa kukusanya taarifa ambazo redio na televisheni hazikuweza kuzitoa. Ni kwenye blogu hiyo, Januari 2008, alikotoa wazo la kuwa na ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Wazo hilo likazaa jukwaa la Ushahidi, ambalo tangu hapo limetumika katika nchi nyingi. Naomba tulitazame jina lenyewe. Hawakuliita Kelele, wala Umaarufu. Waliliita Ushahidi, kwa kuwa walijua kwamba kazi ya maandishi ya raia ni kubaki, ili siku ya kuulizana ikifika, yawepo.

Sasa tumtazame mtuhumiwa wa kwanza, dola.

Machi 2018 zilitangazwa Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta kuhusu Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni ya awali, na shilingi 1,000,000 nyingine za kila mwaka. Jumla ya kuanzia ni shilingi 2,100,000. Asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwombaji alitakiwa pia kueleza wanahisa ni nani, mtaji ni kiasi gani, uwekezaji utagharimu nini, na kuonyesha kwamba hadaiwi kodi. Mwanafunzi anayeandika mawazo yake juu ya mikopo ya elimu ya juu, akiwa kitandani bwenini, alipaswa kujieleza kama kwamba anafungua kiwanda cha saruji.

Mashirika sita ya haki za binadamu na ya vyombo vya habari yalikwenda Mahakama Kuu kule Mtwara. Mwanzoni mwa Mei yalipata zuio la muda. Kabla mwezi haujaisha zuio likaondolewa. Juni hiyo JamiiForums ikazimwa kwa muda, na wanablogu mmoja mmoja wakaanza kuaga wasomaji wao. Wengine hawakuaga hata kidogo. Walinyamaza tu, kama mtu aliyesikia hatua za askari nje ya dirisha.

Ubaya wa kanuni zile haukuwa kiwango cha ada peke yake. Ubaya ulikuwa katika fikra iliyozizaa: kwamba maoni ya raia ni biashara, na asiye na mtaji hana ruhusa ya kuwa na maoni ya maandishi. Ibara ya 18 ya Katiba haina kiingilio. Haikusema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake endapo amelipa. Dola iliyoweka mlango huo ilijua inachokifanya, na mtumishi wa umma aliyesaidia kuandika vipengele vile, kama anasoma hapa, naye anajua.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Kanuni za 2018 zilifutwa na nyingine mwaka 2020, na mwaka 2022 zikarekebishwa, ada zikapunguzwa. Je, blogu zilirudi? Hazikurudi. Kenya haikuwahi kuwa na ada ya leseni ya blogu kama yetu, na bado blogu zake nyingi zimenyamaza, wenyewe wamehamia kwingine. Kwa hiyo dola ilipiga pigo, na pigo lilikuwa zito, lakini mgonjwa alikuwa ameshaanza kudhoofu kitandani.

Mtuhumiwa wa pili ni makampuni ya mitandao ya kijamii. Kosa lao halimo katika kutuletea kitu kipya. Limo katika kujenga nyumba isiyo na mlango wa kutokea.

Blogu iliishi kwa kiungo. Mimi nikikuandika, naweka njia ya kwenda kwako; msomaji anatoka kwangu anakuja kwako, na kutoka kwako anakwenda kwa wa tatu. Wasomaji makini walikuwa na programu za kuwakusanyia makala mpya kutoka blogu walizozichagua wao wenyewe. Iliyopendwa zaidi, Google Reader, ilifungwa na wenyewe Julai 2013, na wasomaji wengi hawakutafuta nyingine. Tangu hapo, anayeamua msomaji aone nini si msomaji tena. Ni mtambo wa kampuni, unaopima jambo moja tu: kipi kitamzuia huyu mtu asiondoke. Instagram hairuhusu hata kiungo kibonyezeke ndani ya maelezo ya picha. Hilo si sahau ya mafundi. Ni ukuta, umejengwa kwa makusudi.

Bei nayo ikaongeza ukuta wa pili. Oktoba 2014 Facebook ilileta nchini mpango wake wa Internet.org kwa kushirikiana na kampuni moja ya simu, na Facebook pamoja na tovuti chache zilizochaguliwa zikapatikana bila gharama ya data. Baadaye vikaja vifurushi vya mitandao ya kijamii pekee. Mwanafunzi mwenye shilingi mia tano hanunui bando la kuzurura popote. Ananunua lile la WhatsApp na Instagram. Ukimtumia makala iliyo nje ya uzio huo, kwake ni sawa na kitabu kilichofungiwa kwenye kabati la kioo: anaona jalada, hagusi kurasa. Ndiyo maana siku hizi hoja husafiri kwa picha ya skrini. Aya moja inakatwa kutoka makala ya aya ishirini, inaondolewa jina la mwandishi na tarehe, na kurushwa katika makundi. Asubuhi watu mia tatu wanamtukana mtu kwa sentensi ambayo kwenye makala yake aliitaja ili aipinge.

Na nyumba hiyo isiyo na mlango wa kutokea ina mwenye funguo. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na maandishi ya miaka mingi ya wanaharakati na wasomi waliokuwa wameweka kila kitu humo yakafungiwa kwa komeo moja; wakabaki kuyaona wenye VPN. Hapo ndipo watuhumiwa wangu wawili wanapokutana. Zamani, aliyetaka kunyamazisha blogu mia alihitaji kubisha hodi mia. Makampuni yametukusanya sote katika ukumbi mmoja, na kuirahisishia kazi dola yoyote inayotaka kuzima taa.

Wapo watakaosema namlilia marehemu kwa kumsifia kuliko alivyokuwa. Nawasikiliza, maana wana hoja.

Watasema blogu ilikuwa ya wachache wa mijini wenye kompyuta, na kwamba mitandao ya kijamii imempa sauti mama lishe na bodaboda. Ni kweli. Aliyeona vijana wa Kenya mwezi Juni 2024 wakiufafanua Muswada wa Fedha kwenye TikTok, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, hadi Rais akakataa kuutia saini, hawezi kusema mitandao hii ni upuuzi mtupu. Walifanya kwa siku chache kile ambacho blogu zote za Afrika Mashariki hazikuwahi kukifanya. Sitaki kuwanyang'anya ushindi huo. Ninachouliza ni swali la mwanafunzi wangu, ila nalisogeza mbele miaka kumi: mwaka 2034, mwalimu wa Nairobi akiwataka wanafunzi wakusanye maelezo yale, watayapata wapi? Video ikifutwa na mtambo, au akaunti ikifungwa, au mwenyewe akiogopa na kuzifuta zote usiku mmoja, vijana wale watabaki na ushindi usio na kumbukumbu, na anayetaka kuupotosha atajiandikia atakavyo.

Watasema pia kwamba blogu nyingi zilikuwa takataka: habari zilizonakiliwa magazetini, picha za harusi, na uzushi. Hilo nalo ni kweli. Lakini soko huwa na samaki waliooza na samaki wazima, na hatujawahi kulifunga soko kwa sababu hiyo. Wakasema tena kwamba hata blogu nazo zilikuwa zimepanga kwa watu, maana nyingi zilikaa Blogspot, ambayo ni mali ya Google. Kweli kabisa. Tofauti ni kwamba mpangaji yule aliruhusiwa kufunga virago: aliweza kuchukua maandishi yake yote katika faili moja na kwenda nayo kwingine. Waliopotea, wengi wao, hawakufukuzwa na mwenye nyumba. Waliondoka wakaacha mali ndani. Na hapo ndipo nafika kwa mtuhumiwa wa tatu.

Mtuhumiwa wa tatu ni mimi, na wewe mwenzangu unayefundisha, na wewe uliyesoma kwa kodi ya wananchi ukawa mtaalamu.

Nianze na nafsi yangu. Mwaka 2018 niliacha kuandika. Nilijiambia sababu ni ada. Uongo. Nilikuwa na rafiki aliyejitolea tuchangie, na zipo njia ambazo wengine walizitumia. Niliacha kwa sababu niliogopa, na kwa sababu nilikuwa nimegundua raha nyingine. Makala iliyonichukua siku nne kuiandika ilisomwa na watu mia mbili, na watatu kati yao wakanionyesha nilipokosea. Sentensi mbili nilizoandika mtandaoni nikiwa kwenye daladala zilipendwa na maelfu, na hakuna aliyenisahihisha. Binadamu ni dhaifu. Nikaendelea na sentensi mbili. Kwa muda wa miaka kadhaa niliwahubiria wanafunzi umuhimu wa hoja yenye ushahidi, huku mimi mwenyewe nikiishi kwa vijembe. Juzi nilijaribu kutafuta uzi mmoja nilioandika kuhusu muungano, ambao niliuonea fahari. Sikuupata. Nami sikuwa na nakala.

Vyuo vyetu vilinisaidia katika uvivu huo. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa katika majarida ya kitaaluma, mengi yakiwa ya Kiingereza, mengi yakiwa nje ya uwezo wa mfuko wa mwananchi ambaye ndiye mada ya makala hizo. Akiandika kwa Kiswahili kueleza bajeti ya wizara, mwananchi wa Tandahimba akaelewa, hesabu yake ya cheo ni sifuri. Tukikutana kwenye makongamano tunalalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za uchumi na sheria. Istilahi hazidondoki kutoka mbinguni, wala haziundwi na kamati peke yake. Zinazaliwa pale mtu anapolazimika kumweleza mwenzake jambo gumu, kwa urefu, kwa lugha yao, na mwenzake akamjibu kwamba hajaelewa. Blogu ilikuwa karakana ya namna hiyo. Tuliifunga, kisha tunashangaa hakuna samani mpya.

Angalieni kilichojaza pengo. Kimekuja kizazi cha wale ambao vijana wanawaita "chawa": mtu anayelipwa, au anayetumaini kulipwa, ili asifie. Chawa hahitaji daftari, tena daftari ni adui yake. Leo anamsifia waziri, kesho waziri akitenguliwa anamkebehi, na hakuna anayemrudisha kwenye maneno yake ya jana kwa kuwa yameshasombwa na mkondo. Katika zama za blogu walikuwepo wasifiaji pia, lakini sifa zao zilibaki ukurasani zikiwa na tarehe, na mtu aliyebadilika msimamo alilazimika kueleza kwa nini. Uchawa haukuletwa na umaskini peke yake. Umestawi kwa sababu tumeondoa gharama ya kusema uongo leo na kinyume chake kesho.

Nawaomba tulinganishe na babu zetu. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuchapisha jarida la Kiswahili, Mambo Leo. Lilikuwa jarida la mkoloni, lenye mipaka ya mkoloni. Lakini walimu, makarani na wasomaji wengine wa Kiafrika waliandika humo barua na mashairi, wakabishana kuhusu ustaarabu, mahari, mavazi, elimu, na nini maana ya kuwa mtu wa nchi hii. Karne moja imepita. Ukienda maktaba leo unaweza kuzisoma barua zile, na wanahistoria bado wanazitumia kutueleza babu zetu walifikiri nini kabla ya uhuru. Karani aliyeandika chini ya mkoloni kwa wino na stempu bado anasomeka. Karani wa halmashauri aliyeandika mwaka 2013, katika taifa huru, kwenye chombo cha kisasa kuliko vyote, hasomeki. Kama hilo halitutii aibu, sijui ni lipi litakalotutia.

Nisieleweke kwamba nataka watu wafute akaunti zao. Anayetaka kuita watu barazani, aite huko waliko. Lakini baraza likiisha, mtu mwenye akili hurudi nyumbani akaandika yaliyosemwa. Ninayoomba ni machache na yanawezekana.

Kwako mwanafunzi: kabla hujarusha uzi wa aya kumi mtandaoni, uandike kwanza kama makala, uuweke mahali pako, kisha ndipo urushe kiungo. Weka nakala kwenye kompyuta na nyingine kwa rafiki. Ukimpinga mtu, mnukuu kikamilifu na uweke njia ya kumfikia, hata kama unamchukia. Utaona jinsi hoja yako inavyobadilika pale unapojua kwamba msomaji anaweza kwenda kuhakikisha.

Kwako mwanaharakati: kampeni yako ikishinda au ikishindwa, andika ilivyokuwa. Nani alikutana na nani, mlidai nini, mlikosea wapi. Usiiachie taarifa ya mfadhili, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kwenye kabati la ofisi yake, iwe ndiyo historia pekee ya mapambano yako.

Kwako mtumishi wa umma: najua kiapo chako na najua mipaka yako. Sikuombi uvujishe siri. Lakini kati ya siri ya serikali na ukimya kuna uwanja mpana. Sheria iliyokwisha kuchapishwa si siri. Jinsi mkulima anavyoupeleka mgogoro wa ardhi kutoka baraza la kata kwenda juu si siri. Wewe ndiye unayeyajua haya kwa undani kuliko profesa yeyote, na mwananchi anayalipia kwa dalali kwa sababu hukuyaandika.

Na kwa vyuo vikuu, nina madai mawili. La kwanza, maktaba zetu zianze kuhifadhi maandishi ya Kiswahili ya mtandaoni kama zinavyohifadhi magazeti. Sheria ya maktaba ya mwaka 1975 ilimtaka mchapishaji awasilishe nakala za kitabu chake; wazo lililokuwa sahihi kwa karatasi haligeuki kuwa kosa kwa sababu karatasi imeondoka. Wanafunzi wa ukutubi na wa kompyuta wapo, mashine zipo; kinachokosekana ni uamuzi. La pili, makala nzito ya Kiswahili iliyoandikwa kwa ajili ya umma, ikapitiwa na wenzako na kujibiwa hadharani, ihesabiwe katika kupandisha cheo. Si lazima ipewe uzito wa utafiti wa miaka mitatu. Lakini isiwe sifuri.

Nimalizie na wanafunzi wangu. Nilisema walirudi karibu mikono mitupu, na neno karibu nililiweka kwa sababu. Kijana mmoja alichelewa kuwasilisha kazi yake kwa siku tano, nikajiandaa kumkata alama. Alikuja na faili la kahawia la ofisini, limefungwa kwa uzi. Baba yake mdogo, mtumishi mstaafu, alikuwa na tabia ya kuchapa kwenye karatasi makala alizozipenda na kuzitunza. Ndani ya faili lile kulikuwa na makala kumi na saba za mwaka 2013 na 2014: za waliotaka serikali tatu, za waliozipinga, na majibu yao. Pembeni mzee alikuwa ameandika kwa kalamu maoni yake, pamoja na "hapa anakwepa swali" katika sehemu tatu. Katika ukurasa mmoja nilikutana na jina langu. Ni makala ambayo sina nakala yake, na nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuwa na msimamo ule. Ndiyo moja ya zile tatu ambazo mzee aliandika kwamba mwandishi anakwepa swali. Alikuwa sahihi.

Yule binti aliyeniuliza kama kweli watu walijadili alilisoma faili lote kwa siku mbili, akarudi na swali jingine, safari hii kuhusu hoja yenyewe: kwa nini hakuna hata mmoja kati ya waandishi wale aliyekadiria gharama za serikali ya tatu kwa tarakimu? Tumekuwa tukibishana naye tangu hapo. Nimemwomba aandike makala, nami nitamjibu hapahapa, kwa jina langu na kwa tarehe. Yeyote kati yenu mwenye faili kama lile, au nakala zilizosahaulika kwenye kompyuta ya zamani, na akaniletea, nitahakikisha zinafika maktaba.